Je, Kuinyosha Picha ni Kusema Uwongo?

Siku moja nalipiga picha ya nyumba iliyokuwa ikijengwa, nikampelekea mwenyewe aliyekuwa mbali. Alipoiona alikasirika sana, akataka kumnyima fundi mwashi ujira wake, maana ukuta wa kando ulionekana umepinda kama upinde. Basi tukatia timazi: ukuta ulikuwa wima kabisa. Kosa lilikuwa la lenzi ya kamera yangu.

Lenzi zionazo upana mkubwa mara nyingi hupinda mistari iliyo karibu na ukingo wa picha. Nyingine hutia giza pembeni. Wenye maarifa huipima kila aina ya lenzi kwa kupiga picha ya karatasi yenye miraba ambayo mistari yake yajulikana kuwa imenyoka, kisha huandika kiasi cha upotovu. Maandiko hayo, yaitwayo profaili, hutiwa katika programu za kompyuta. Lightroom ilianza kuyatumia katika toleo la 3, mwaka 2010. Programu husoma jina la lenzi lililomo katika faili, ikairudisha kila nukta mahali pake.

Mtu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, picha iliyoguswa yawezaje kuwa shahidi wa kweli?" Neno lake ni zito. Lakini je, ile isiyoguswa ilimshuhudia fundi kweli? Profaili haimwulizi mwenye picha apenda nini. Ilipimwa bila kuujua ukuta wetu; hurekebisha kosa la lenzi, wala haiupambi ukuta. Kama ukuta umepinda kweli, utabaki umepinda.

Hata hivyo tusijivune. Profaili ya lenzi nyingine huweza kuongeza kosa badala ya kuliondoa. Tena mistari ikiisha kunyoshwa, nyuso za watu waliosimama ukingoni huweza kuonekana zimetanuka. Kila sahihisho lina gharama yake.

Basi tofauti ni hii: asahihishaye kwa kipimo kilichojulikana mbele, naye yu tayari kukiri alilolifanya, asema kweli, asahihishaye kwa kufuata moyo wake upendavyo, adanganya. Nasi tumwonapo jirani amepinda, na tuulize kwanza: timazi i wapi? Maana fundi yule alikaribia kupoteza jasho lake kwa ajili ya picha yangu, wala mimi sikuwa nimesema uwongo hata neno moja.