Mti Usio na Faida Una Haki Gani?

Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 ili kujaribia mazao ya biashara. Kila mche ulioingia humo ulikuwa na swali la kujibu: utaleta fedha? Leo anayeingia hutafuta kivuli tu, na mti haudaiwi chochote.

Swali lile la fedha lilipanda pia hadi milima ya Umatengo, Mbinga, mkoani Ruvuma, ambako kahawa ilishika mizizi miaka ya 1920. Kahawa imejenga nyumba na kusomesha watoto, haistahili lawama. Ila nyuma yake kuna swali zito zaidi: je, Mungu aliumba mti kwa ajili yetu peke yetu?

Wamatengo wana nusu ya jibu, nayo iko shambani. Kwenye ngolo, kilimo chao cha mashimo, nyasi za mteremko hufyekwa, zikakauka, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana hadi shamba zima likawa vyumba vyumba. Udongo huchimbwa katikati ya kila chumba na kufukia nyasi hizo. Shimo hubaki, tuta likalizunguka. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuporomoka na udongo hadi bondeni. Nyasi zikioza, maharage hupata mbolea, na baadaye mahindi. Kitabu cha Mwanzo kinampa binadamu kazi mbili katika Edeni, kulima na kutunza; kwenye ngolo zote mbili hufanywa kwa jembe moja.

Nusu ya pili ni ngumu. Ngolo hutunza udongo kwa sababu udongo hutulisha. Mninga nao? Uzuri wa mbao zake ndio unaouletea msumeno. Mbuyu wa mwambao wa Nyasa, ambao haufai mbao wala kuni, umeachwa uzeeke. Kipimo cha faida, basi, hakiilindi hata miti yenye faida.

Thomas wa Akwino alifundisha kwamba Mungu aliumba viumbe vya aina nyingi kwa kuwa kiumbe kimoja kisingetosha kuonyesha wema Wake. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alisisitiza kwamba kila kiumbe kina thamani yake chenyewe. Waislamu nao wana hadithi ya Mtume inayomtaka mwenye mche mkononi aupande, hata Kiyama kikiwa kinasimama. Tunda la mche huo hakuna atakayelila. Hata hivyo, kupanda ni wajibu.

Mji kama Mbinga, wenye makanisa na misikiti inayofundisha hayo, una kila sababu ya kutenga kilima kimoja kiwe bustani ya umma, isiyo na kiingilio. Ianze na miti ya miombo ya Ruvuma yenyewe: mninga, msuku, mbura. Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 huko Usambara, kinatoa onyo: Maesopsis eminii, mti uliopandwa kule ukiwa mgeni, umesambaa na kuvamia msitu wa asili.