Hisani ya Siku Moja

Huulizwa: Msafiri alipaye fedha huko Chiang Mai, nchi ya Thailand, ili kwa siku moja awalishe na kuwaosha ndovu waliookolewa, je, atenda hisani au anunua furaha yake?

Jawabu: Ukataji wa miti ya mwituni ulipopigwa marufuku nchini humo mwaka 1989, ndovu wengi waliokokota magogo walikosa kazi, na mabwana zao wakakosa cha kuwalisha, nao ndovu mmoja aweza kula zaidi ya kilo 100 kwa siku. Basi fedha ile ni chakula, na kumlisha mwenye njaa ni hisani. Amma kumwosha, ikiwa ndovu ataka kuondoka akazuiliwa ili mgeni afurahi, hapo mgeni ndiye ahudumiwaye. Mhisani wa kweli hutoa malisho, kisha humwacha mnyama aende zake, naye huridhika kumtazama kwa mbali.