Pipa Tupu

Benjamin Lee Whorf anajulikana leo kama mwanaisimu, lakini ugali wake ulitoka kwingine. Alihitimu uhandisi wa kemikali katika chuo cha MIT mwaka 1918, na mwaka uliofuata akaajiriwa na kampuni ya bima ya moto mjini Hartford, Marekani. Alikuwa akichambua taarifa za mioto iliyounguza viwanda na maghala. Alitazamia kukuta nyaya mbovu na mabomba ya moshi yaliyogusana na mbao. Aliyakuta hayo, ila akagundua pia kwamba mara nyingine moto ulianza kwa sababu ya jina ambalo watu walikipa kitu.

Mfano wake maarufu ni wa mapipa ya petroli. Penye mapipa yaliyojaa, wafanyakazi walikuwa waangalifu. Penye yale yaliyoitwa "empty", yaani matupu, walivuta sigara na kutupa vichungi ovyo. Kumbe mambo ni kinyume. Petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya mchanganyiko huo. Pipa lililojaa pomoni halina nafasi ya hewa ya kutosha. Lililomiminwa likabaki na matone chini lina mvuke, lina hewa, linangoja cheche tu. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga. Lililobeba petroli huvuma mara moja.

Whorf alilitupia lawama neno lenyewe. "Empty" humaanisha chombo kilichotolewa kilichokuwamo, lakini pia humaanisha kitu hafifu, kisicho na nguvu wala athari. Msikiaji huambiwa maana ya kwanza, akatenda kwa maana ya pili. Na sisi je? Tunasema maneno matupu, vitisho vitupu. Mtego ni uleule.

Wapo waliompinga wakisema kwamba pipa hilo huonekana tupu kwa lugha yoyote, hivyo anayekosea ni jicho, si ulimi. Hoja hiyo naikubali nusu. Jicho humdanganya aliyechungulia mwenyewe. Neno huwadanganya na wasiochungulia. Mwenye pipa humwambia dereva ni tupu, dereva humwambia fundi, na fundi huwasha mashine.

Wala hatari ya chombo kinachodhaniwa kitupu si ya watu wasiosoma tu. Tarehe 17 Julai 1996, ndege ya TWA aina ya Boeing 747, safari namba 800, iliruka kutoka New York kwenda Paris. Tangi la katikati, lenye uwezo wa kubeba takriban galoni 13,000, lilikuwa na galoni 50 hivi tu, kwa sababu safari hiyo haikuhitaji kulijaza. Mitambo ya kupoza hewa iliyokuwa chini yake ikayapasha joto mabaki hayo hadi yakawa mvuke. Tangi likalipuka angani, watu wote 230 wakafa. Wachunguzi walihitimisha kwamba ulilipuka mchanganyiko wa mvuke na hewa ndani ya tangi. Chanzo cha cheche hakikuthibitishwa, ingawa hitilafu ya umeme ndiyo iliyoshukiwa zaidi. Mwaka 2008 Marekani ilitoa kanuni za kupunguza hatari hiyo, na njia kuu ikawa kuingiza naitrojeni ndani ya tangi ili kupunguza oksijeni.

Kwetu hapa, mapipa ya mafuta hukatwa kila siku yawe majiko, vyungu vya maua na matangi ya maji. Fundi wa kuchomelea, mteja akikuambia pipa ni tupu, muulize lilibeba nini. Kulifungua mfuniko na kulianika juani hakutoshi. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, liondolewe mabaki yote, kisha lijazwe maji hadi karibu na pale unapokata, pakiwa na tundu la kupumulia. Asiyekubali kungoja hayo yafanyike, mrudishie pipa lake.