Ila ya Godoro na Ila ya Ulimi

Mmoja katika wahudhuriao darsa letu alitujia baada ya sala ya alasiri, uso umemkunjamana, akasema: "Sheikh, mimi nimedhulumiwa." Kisa chake ni kwamba alimnunulia mama yake, mwenye maradhi ya mgongo, godoro la mpira kwa akiba ya miezi mingi. Muuzaji alimwambia kuwa godoro hilo halibonyei maisha. Haukutimia mwezi wa nne, bonde likatokea pale alalapo mama. Aliporudi dukani alionyeshwa karatasi ya dhamana, yenye herufi ndogo za Kiingereza, isemayo kuwa bonde lisilofika inchi moja na nusu si ila. Akatutaka tumtangaze muuzaji huyo kuwa ni laghai.

Twakiri kwamba nyoyo zetu zilikuwa upande wake. Lakini asikiaye upande mmoja huhukumu nusu ya jambo. Basi tukaenda nyumbani kwake tukatazama.

Yafaa ijulikane kwanza godoro hili ni kitu gani. Asili yake ni utomvu wa mti wa mpira, ugemwao kwa kuchanja gome, ukapigwa mpaka ukafanya povu, kisha ukatiwa katika kalibu na kupikwa. Njia hiyo ilipatikana katika kiwanda cha Dunlop, Uingereza, mwaka 1929. Sifa ya mpira ni kurudi katika umbo lake uzito ukiondoka. Mara nyingi kinachobonyea mwanzo si mpira, bali ni pamba au manyoya ya kondoo yaliyoshonwa katika mfuko wake. Bonde dogo la namna hii ni tabia ya kitu, kama kiatu kipya kishikavyo umbo la mguu. Ama mpira wenyewe ukititia usirudi, hiyo ni ila.

Tulivuta uzi ukingo kwa ukingo, hapana mtu juu yake, tukapima: inchi moja. Kisha tukaliinua godoro, tukaona asilolitazama mwenye mashtaka: chaga za kitanda zimeachana shubiri nzima, na moja imevunjika. Godoro la mpira hufuata lililo chini yake, na waundaji wengi hutaka chaga zisiachane zaidi ya inchi 3. Tena lilikuwa likianikwa juani kila juma, kama tulivyozoea kuanika magodoro ya sufi. Na jua lifaalo sufi huula mpira.

Je, muuzaji hana lawama? Hapa ndipo penye mas'ala.

Wanazuoni wetu wamesema kuwa ila ni jambo lipunguzalo thamani ya kitu, au liondoalo makusudio yake, ikiwa ada ya jinsi hiyo ni kusalimika nalo. Tena wakapambanua baina ya ila iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa na ile iliyozuka mkononi mwa mnunuzi. Kwa mizani hii, ndugu yetu hakuwa na haki ya kulirudisha godoro.

Lakini iko ila ya pili, nayo ni ya ulimi. Muuzaji alisema "maisha" hali akijua karatasi yake yasema inchi moja na nusu. Wala hakumwuliza mnunuzi kitanda chake kikoje. Huenda mtu akasema: maneno ya sokoni hakuna ayaaminiye. Twamjibu: ikiwa hayaaminiwi, yasemwa kwa nini? Aliyatamka kwa kuwa yaaminiwa, na kwa hayo akapokea fedha. Karatasi yaweza kumwokoa mbele ya wakili. Haimwokoi mbele ya Mola wake.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji ndani. Mwenyewe akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke juu watu wauone. Basi mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lilikuwa kuificha. Na anyamazaye juu ya sharti analolijua, naye mnunuzi halijui, ameweka kilicholowa chini ya kilichokauka.

Tulimwambia ndugu yetu atengeneze chaga, asilianike godoro, na alirudishe neno "laghai" pale pale alipolitamka, kwani naye aliuza maneno kabla ya kuyapima. Kisha tukafuatana naye dukani. Muuzaji alisikiliza, akanyamaza kitambo, akatoa nusu ya gharama ya chaga. Hakusema kuwa amekosa, nasi hatukumlazimisha.

Basi, enyi ndugu zetu wafanyao biashara, semeni yaliyomo katika karatasi zenu kwa lugha aijuayo mnunuzi, kabla hajafungua mfuko wake. Nanyi wanunuzi, inueni godoro kabla ya kuinua sauti.

Wabillahi tawfiki.