Huzuni ya Kushindwa

Twamjua mtu aliyeipenda timu yake tangu utoto hata mvi. Siku ishindwapo katika fainali, chakula hakimpiti kooni, salamu ya jirani haiitikii, na pengine sala ya Isha yampita. Je, huzuni yake ni aibu?

La. Amesimulia Anas bin Malik kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike, Al-Adhbaa, asiyepitwa mbioni. Akaja Mbedui na ngamia wake kijana, akampita. Masahaba wakaona uzito, hata Mtume akautambua nyusoni mwao. Akawafahamisha kuwa hapana kitu cha dunia kipandacho ila Mwenyezi Mungu hukishusha.

Basi huzuni si kosa. Kosa ni kuigeuza dhulma. Tarehe 16 Julai 1950, mjini Rio de Janeiro, Brazil ilihitaji sare tu iwe bingwa wa dunia. Ikatangulia kufunga, kisha Uruguay ikashinda 2–1. Lawama akatwikwa golikipa, Moacyr Barbosa. Brazil ilitwaa kombe mwaka 1958, na mara tatu tena katika uhai wake. Naye akafa mwaka 2000 angali akilaumiwa.

Kwa hiyo twamwambia ndugu yetu: huzunika, kisha tawadha ukasali. Mwitikie jirani yako, wala usimtukane kijana aliyekosa penalti. Kombe huenda likarudi mwakani. Neno lililokwisha kumchoma mtu halirudi.

Mola atujaalie subira na insafu. Amin.