Baada ya Dhahabu



Kuna machozi ambayo sijayasahau. Ni ya Mónica Puig, mcheza tenisi wa Puerto Rico, tarehe 13 Agosti 2016 jijini Rio de Janeiro. Alisimama kwenye jukwaa la washindi, medali ya dhahabu shingoni, na wimbo wa kisiwa chake ukapigwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza tangu kisiwa hicho kilipoanza kupeleka timu yake mwaka 1948. Kabla yake, Gigi Fernández, mzaliwa wa San Juan, alikuwa ametwaa dhahabu mbili, 1992 na 1996, lakini alichezea Marekani. Puig alilelewa Miami tangu utotoni, na bado alichagua kuvaa rangi za kisiwa alikozaliwa.

Hakuna aliyemtarajia. Alikuwa wa 34 duniani, binti wa miaka 22. Alimtoa Garbiñe Muguruza, bingwa wa French Open mwaka ule, kwa 6-1, 6-1. Niliyasoma matokeo hayo mara mbili nikidhani yamekosewa. Akamtoa Petra Kvitová, aliyekwisha kutwaa Wimbledon mara mbili. Kwenye fainali akamshinda Angelique Kerber wa Ujerumani, wa pili duniani, 6-4, 4-6, 6-1.

Laiti hadithi ingeishia hapo, tungeihubiri kila mwaka kwa vijana wa kipaimara. Lakini wiki chache tu baadaye, kwenye mashindano ya US Open jijini New York, alitolewa raundi ya kwanza. Hakushinda tena taji lolote kwenye ziara kuu ya tenisi. Kila alipoingia uwanjani watu walimdai Rio nyingine, na yeye mwenyewe amesimulia waziwazi jinsi mzigo ule ulivyomwelemea moyoni. Kisha mwili nao ukakataa: kiwiko kikapasuliwa, bega likapasuliwa, akarudi, akaumia tena. Juni 2022, akiwa na miaka 28, akaaga tenisi.

Ninapomfikiria namkumbuka nabii Eliya. Moto umeshuka Karmeli, mvua imenyesha, watu wamekiri. Ungetegemea sura inayofuata iwe ya shangwe. Badala yake tunamkuta jangwani, chini ya mti wa mretemu, amechoka kiasi cha kuomba afe. Na tazameni Mungu alivyofanya. Malaika hakuja na karipio, wala hakumkumbusha Karmeli. Alikuja na mkate wa moto na maji. Eliya akala, akalala tena, malaika akarudi mara ya pili. Hiyo mara ya pili ndiyo inayonigusa kuliko yote.

Sisi tuko hodari kwenye Karmeli. Mwaka mmoja usharikani kwetu binti alifaulu vizuri mno. Tulimwimbia, tukamchinjia mbuzi, tukampiga picha na wazee wa kanisa. Alipokwama chuoni mwaka uliofuata hakuna aliyempigia simu, mimi mchungaji wake nikiwa wa kwanza kukaa kimya. Alikuja kuniambia mwenyewe kwamba alikuwa anaona aibu kurudi nyumbani kwa sababu ya yule mbuzi. Neno hilo bado linanichoma.

Puig naye hakuusahau mkate. Kimbunga Maria kilipokivunjavunja kisiwa chao Septemba 2017, kikawaacha watu gizani kwa miezi, alichangisha fedha na kwenda mwenyewe, pamoja na Maria Sharapova, kupeleka misaada. Mwaka huo hakuwa na taji jipya la kuwaonyesha. Waliompokea hawakumdai.

Basi wiki hii nawaomba jambo moja. Mtafute mtu mliyemshangilia mwaka jana: mwanakwaya, mhitimu, bwana na bibi harusi, hata mchungaji aliyebarikiwa juzi. Usimuulize amefika wapi. Mpelekee chakula, kaeni mle pamoja, na wiki ijayo urudi tena.