Pimeni Udongo Kabla ya Kuchimba

Enyi mnaojenga! Mnabishana na fundi juu ya rangi ya vigae na urefu wa geti, lakini shimo la choo mnamwachia kibarua achimbe popote palipobaki. Nani kati yenu ameuliza udongo wa kiwanja chake una tabia gani?

Udongo mkavu wenye chembe ndogo husafisha. Majitaka yakishuka humo polepole, vijidudu hunaswa na kufa njiani. Udongo huohuo ukijaa maji, vijidudu husafiri nayo hadi mbali. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba masika ukakataa kunywa, choo kikafurika. Mchanga wa pwani hupitisha majitaka upesi mno, na mabondeni Dar es Salaam maji ya ardhini yako karibu na nyayo zenu. Unguja kuna mwamba wa matumbawe wenye nyufa na mapango: kinachoingia humo hakichujwi.

London walijifunza kwa misiba. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 mtaani Soho, wengi wao wakiwa wamekunywa maji ya kisima cha Broad Street. Daktari John Snow alikishuku kisima hicho. Kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza, mpaka akapata habari za mtoto mchanga aliyeugua kabla ya wote. Maji yaliyofulia nepi zake yalimwagwa katika shimo lililokuwa chini ya mita moja kutoka kisimani. Walipolifukua, matofali yalikuwa yamelegea, na udongo wa katikati umelowa uchafu. Kasisi ndiye aliyeufuata uchafu huo! Basi asiniambie mtu kwamba choo hakitajwi mimbarini. Torati iliwaagiza Waisraeli watoke nje ya kambi, wachimbe, wafukie. Mtume naye alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama.

Na wewe unayengoja mvua ya usiku utapishe choo mtaroni, watoto wa nani watakanyaga maji hayo asubuhi?

Kupima si kazi ya wasomi peke yao. Chimba kishimo, kijaze maji mpaka udongo ulowe, kesho yake ujaze tena na utazame yanashuka kwa kasi gani. Waulize wazee maji ya kisima hupanda hadi wapi wakati wa masika, kiangazi kitakudanganya. Yakiwa karibu, inua choo, au jenga tangi lisilovuja, gari lije livute majitaka na kuyapeleka kwenye mabwawa ambako jua na mwani huyatibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanyia kazi mabwawa hayo na vitalu vya matete kwa miaka mingi. Madiwani, elimu hiyo iko mlangoni kwenu, na mwaka 2015 kipindupindu kilianza tena katika jiji hilohilo!

Mwenye kiwanja, zuia sururu leo. Pima kwanza, na kama kisima cha jirani kiko chini ya mteremko wako, hamisha shimo.